Mkalimani wa Nyangumi

Alikozaliwa sikujui, na sitaki kujifanya nakujua. Mimi aliniambia Tanga, jirani yangu akamwambia Bagamoyo, na muuza kahawa wa pale Nyasubi aliapa kwamba yeye ameambiwa Unguja. Sote tulimwita Mkalimani. Jina hilo lilimtosha, maana ndiyo kazi aliyoifanya: kusimama kando ya shuka jeupe, fimbo mkononi, na kutueleza picha inasema nini.

Miaka ile picha zilikuwa bubu. Watu wa kwenye shuka walifungua midomo, wakapunga mikono, wakalia, lakini sauti haikutoka. Kisha yakatokea maandishi ya Kiingereza ambayo hakuna kati yetu aliyeweza kuyasoma, Mkalimani mwenyewe akiwamo. Maandishi marefu aliyafasiri kwa kirefu, mafupi kwa kifupi. Siku moja lilitokea neno moja tu, akasema "La!" na watu wakaridhika. Nilipomuuliza baadaye kama kweli neno lile lilikuwa "la", alinitazama kama mtu aliyetukanwa mbele ya wakwe.

"Fundi," alisema, "picha haisemi uongo, ila haijui Kiswahili. Mimi naisaidia tu."

Fundi ni mimi. Nilikuwa na cherehani barazani pale Nyasubi, mjini Kahama, na shuka la picha nililishona mimi, vipande vinne vya merikani. Nalisema hili kwa sababu katika sifa zote zilizomwagwa miaka ile, za mashine, za taa, za sauti ya Mkalimani, sikuwahi kusikia mtu akisifu mshono. Hata kiraka hakikusifiwa. Shuka lilitobolewa na sigara ya mchimba dhahabu huko Masumbwe, nami merikani ilikuwa imeniishia, nikatia kipande cha kaki. Tangu siku hiyo kila aliyepita upande wa kushoto wa picha alipita na doa. Watu wa Kishapu, ambao hutia ng'ombe wao alama kwa chuma cha moto, walilitazama doa lile ubavuni mwa nyangumi wa kwenye picha wakakubaliana kwamba mnyama yule ana mwenyewe. Walipoliona tena kwenye shati la kijana, na halafu kwenye shavu la mama yake kijana, wakasema, aa, kumbe ni wa boma moja.

Mashine haikuwa ya Mkalimani. Ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja wa Shinyanga mjini, mtu mkavu asiyecheka, ambaye sisi tulimwita Mwenye Mashine. Alikuwa na lori. Msimu wa pamba alizunguka minadani Kishapu, na pamba ikiisha alikwenda kwenye kambi za dhahabu upande wa Geita, ambako wachimbaji walilipa vizuri na kutukana vizuri zaidi. Alikuwa na mikanda miwili. Mmoja ulikuwa wa wapiga mieleka, nao haukuhitaji mkalimani. Wa pili ulikuwa wa kijana na nyangumi.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi, au ndivyo tulivyoambiwa. Kijana mmoja, makamo ya kuanza kuota ndevu, anaishi na mama yake mjane ufukweni. Asubuhi wanakula, mama analia kwa sababu ya umaskini, kijana anatoka. Anamkuta nyangumi amenaswa wavuni. Anakata kamba kwa kisu, wanakuwa marafiki. Matajiri wanamtaka nyangumi kwa ajili ya mafuta yake, wanawakimbiza wote wawili. Mwisho kijana anasimama juu ya jabali, anampungia mkono rafiki yake, na nyangumi anakwenda zake bahari kuu mpaka anakuwa doa dogo kuliko kiraka changu.

Hapo juu ya jabali ndipo Mkalimani alipokuwa bingwa. Alijibana koo, ikatoka sauti ya kijana hasa, yenye mtetemo: "Nenda, rafiki yangu, nenda!" Kisha akachukua kibuyu chenye shingo nyembamba, akakipuliza taratibu, na huyo ndiye nyangumi akijibu. Nimemsikia mara nyingi na nywele zilinisimama kila mara. Mara ya kwanza Kishapu, ng'ombe waliokuwa zizini waliitikia. Halafu yakaja maandishi ya mwisho kabisa, maneno mawili makubwa meupe katikati ya giza, nayo Mkalimani aliyafasiri siku zote kwa kuinua fimbo juu na kusema, "Mungu akipenda."

Mtu huyu, aliyekula kwa kuisimulia bahari, aliogopa maji. Alioga kwa kata, mguu kwanza, akinung'unika. Kulipokuwa na safari ya kuvuka kwa mashua kutoka Mwanza kwenda upande wa Geita, yeye alizunguka kwa miguu, akafika siku kadhaa baada ya wenzake, miguu imevimba, akidai kwamba njia ya nchi kavu ina baraka. Samaki hakula. "Siwezi kula jamaa wa mwenzangu wa kazi," alisema. Alijisifu bila haya kwa mtu yeyote aliyesimama, hata kwa mbuzi. Lakini kila tukimaliza kulikunja shuka alinivuta kando na kuniuliza polepole, "Leo nilikuwaje, Fundi? Sema kweli." Nikimwambia ukweli alininunia. Nikimdanganya alijua, akaninunia pia.

Kishapu ndiko alikomwona Milembe. Alikuwa binti wa mfugaji mmoja wa huko, msichana mrefu mwenye kicheko cha mara moja, kikubwa, kisha basi. Siku ya kwanza alicheka pale nyangumi alipotoa maji kichwani, na Mkalimani akasahau kufasiri maandishi yote yaliyofuata. Msimu mzima akawa anasimama upande wa pili wa shuka ili awe karibu na wanawake, akitueleza kwamba upande ule upepo ni mzuri.

Akaniomba niwe mshenga. Nilikwenda na kanga, sukari na maneno yangu ya mjini. Nikamwamkia Baba Milembe, nikakaa. Mama Milembe alikaa mlangoni, amenipa mgongo, anapepeta uwele. Nikamsifu Mkalimani: mtu wa dini, mtu wa kazi, hanywi, hapigi. Baba Milembe akasikiliza mpaka mwisho.

"Ngosha," akaniambia, kama Wasukuma wamwitavyo mwanamume, "mimi sina neno naye. Lakini yale maji ni ya nani?"

"Maji gani, mzee?"

"Yale ya kwenye shuka. Sisi hapa lambo limekauka, na yule kijana ana maji mpaka mwisho wa macho. Ni ya nani?"

"Ya Mungu, mzee. Tena ni ya chumvi."

"Ya chumvi!" Aligeuka kuwatazama wazee wenzake. "Mnasikia? Maji na chumvi pamoja, na hakuna hata ng'ombe mmoja anayekunywa. Hiyo nchi ina wajinga."

Wazee wakasikitika kwa muda. Nilidhani tunaelekea pazuri. Ndipo Mama Milembe akaacha ungo na kusema, bila kugeuka:

"Mimi simpi."

"Kwa nini, mama?"

"Nimemsikia kwa masikio yangu. Mnyama amempenda, amemfuata, amekubali kupigwa kwa ajili yake. Halafu yeye anasimama juu ya jiwe, anamwambia 'nenda'. Mtoto wa hapa akirudi nyumbani bila ng'ombe, halali ndani. Huyu amerudi bila mnyama na anaomba mke."

Nikaeleza kwamba aliyesema vile ni kijana wa kwenye picha, Mkalimani alikuwa anafasiri tu.

"Yule kijana mdomo wake haukutoa kitu," alisema. "Nilikuwa nimekaa mbele. Sauti imetoka kwa huyo mtu wako. Leo kamwambia mnyama 'nenda', kesho atamwambia mwanangu."

Nimefanya kazi ya ushenga mara nyingi maishani. Nimekuta watu waliokataa kwa ajili ya kabila, dini, kikohozi, hata kwa ajili ya mjomba mwizi. Kwa ajili ya nyangumi ilikuwa mara ya kwanza. Nilirudi nikamweleza Mkalimani neno kwa neno. Alikaa chini juu ya gurudumu la akiba la lori, akashika kichwa. Kisha akainuka, akaenda mwenyewe hadi kwenye boma, akasimama nje ya ua kwa adabu na kupaza sauti:

"Mama, kuna sehemu ya pili! Anarudi!"

Sauti ya mama ikatoka ndani: "Basi siku akirudi, na wewe rudi."

Njiani nikamuuliza, "Hiyo sehemu ya pili ipo?"

"Haina budi kuwapo," alisema.

Haikuwapo. Mwenye Mashine alipoulizwa alijibu kwa ukavu wake kwamba nyangumi amekwenda, picha imekwisha, na imeandikwa pale mwisho kwamba imekwisha. Ndivyo Mkalimani alivyojua, baada ya miaka yote ile, maana ya maneno yale mawili. Lilimuuma. Aliniambia kwamba mtu aliyeandika vile hana imani.

Msimu uliofuata alikuwa mgonjwa wa mapenzi, tena mgonjwa msumbufu. Alizungumza habari za Milembe na wateja wangu wakiwa wamesimama nusu uchi wakipimwa. Habari zikaja kwamba kuna mchumba mwingine, mwenye ng'ombe wengi, na kwamba Milembe amekataa kula mara mbili, lakini mtu hawezi kukataa kula siku zote. Mkalimani akakonda. Kwenye kambi za dhahabu aliisimulia ile picha vibaya kiasi kwamba wachimbaji walimrushia magunzi. Alipofika juu ya jabali sauti ya kijana ilimkwama. Aliruka neno "nenda", akapuliza kibuyu peke yake.

Halafu asubuhi moja akaja mbio barazani kwangu, ametoka Masumbwe, matope hadi magotini, akanishika shati.

"Fundi! Anarudi!"

"Nani?"

"Nyangumi! Nimemwona kwa macho yangu!"

Jana yake, mvua ikiwatishia, Mwenye Mashine alitaka kuukunja mkanda haraka. Badala ya kuutoa, aliushika ule mkono wa mashine na kuuzungusha upande wa pili, taa ikiwa bado inawaka. Na pale kwenye shuka langu, doa likatokea mbali baharini, likakua, likawa nyangumi, anakuja mkia mbele, moja kwa moja mpaka kwenye jabali, na kijana amesimama pale anampungia mkono. Wachimbaji walizomea. Mkalimani alisimama kwenye mvua akilia.

Mimi ni fundi, najua kufumua si kushona. Nikamwambia hayo ni yaleyale, yamefumuliwa. Akanijibu kwamba nguo iliyofumuliwa ni kitambaa, na kitambaa ni mwanzo. Hapo nilimwacha, maana mtu akianza kukushinda kwa maneno ya ufundi wako mwenyewe, heri unyamaze.

Mkalimani akamwomba Mwenye Mashine akauzungushe mkanda vile kule Kishapu. Alikataa, kisha akakubali, nadhani kwa sababu alitaka kuona ujinga huo utaishia wapi. Tukaenda Kishapu. Habari ilitangulia, na watu walikuja wengi kuliko siku za ngoma. Yule mchumba mwenye ng'ombe alikuja pia, akakaa kwenye kigoda. Mama Milembe alikaa mbele kabisa, mikono imefungwa kifuani. Baada ya sala ya Isha taa ikawashwa. Nilikuwa nimelifua shuka, nikaunyoosha ule mshono kwa pasi, na hakuna aliyeuona.

Kwanza yakatokea maneno mawili makubwa meupe. Umati uliyajua kwa sura. "Mungu akipenda!" walipaza wote pamoja, kabla Mkalimani hajainua fimbo. Halafu doa. Halafu nyangumi.

Sijasikia kelele kama zile. Wanaume walisimama wakapiga miluzi ya kuitia ng'ombe, ile mirefu ya jioni, na mnyama akaja kwa miluzi yao, mkia mbele, mpaka jabalini. Ng'ombe zizini walikoroma. Mkalimani alikuwa na kibuyu mdomoni lakini hakukipuliza. Kisha kijana akashuka jabalini kinyumenyume, na matajiri wakatokea wakikimbia kinyumenyume, na mtumbwi wao ukaenda tezi mbele, omo nyuma. Miluzi ikapungua. Watu wakaanza kutazamana.

"Mbona wanatembea hivyo?" aliuliza yule mchumba wa kwenye kigoda.

Mkalimani, mtu ambaye hakuwahi kukosa neno, alifungua mdomo akaufunga. Niliona fimbo yake ikishuka. Nikasema moyoni, basi, tumekwisha.

Ni Baba Milembe aliyeinuka. Akatazama shuka kwa makini, akasafisha koo.

"Hamna macho? Pale kuna mkwe. Wote hawa wanatembea hivyo ili wasimtazame mama mkwe usoni. Hata mnyama amekuja kwa mgongo. Watu wa maji wana adabu, mimi sikujua."

Umati ukaguna kwa heshima. Kwao mkwe wa kiume na mama mkwe hawakutani uso kwa uso. Akimwona njiani anapita porini. Hakuna aliyehitaji maelezo zaidi, na tangu hapo kila aliyerudi nyuma kwenye shuka alishangiliwa. Kijana akafika penye wavu. Akachukua kisu, na kamba zilizokatika zikaungana zenyewe mikononi mwake, nyangumi akafungika vizuri pande zote.

"Sasa amepata akili!" alipiga kelele mzee mmoja. "Amemfunga!"

Kisha kijana akaingia nyumbani kwa mgongo, akakaa mezani, akaanza kutoa chakula mdomoni na kukirudisha sahanini, tonge kwa tonge, mpaka sahani ikajaa. Mwaka ule mavuno yalikuwa haba. Watu waliitazama sahani ile ikijaa kwa ukimya ambao sijausahau. Na mama yake kijana, mwenye kiraka changu shavuni, alikuwa analia, na machozi yalipanda. Yalitoka kidevuni, yakapita kwenye shavu, yakaingia machoni yakaisha. Uso ukabaki mkavu.

Hapo Mama Milembe alifungua mikono yake. Alijifuta macho kwa ncha ya nguo, akamgeukia mumewe, akasema, "Wape maji ya kunywa hawa watu, wametoka mbali."

Mkalimani aliingia bomani siku ya harusi kinyumenyume, kanzu mpya niliyomshonea mimi, akajikwaa kwenye kinu na kuangukia kuku. Milembe alicheka kicheko chake cha mara moja. Shangazi zake wanasema ndiyo ndoa pekee waliyoiona ikianza kwa mgongo.

Miaka mingi baadaye nilimwuliza Mama Milembe, kwa utani, kama hakujua kwamba picha zile mbili zilikuwa moja. Nikamweleza habari za mkono wa mashine. Alinisikiliza kwa huruma.

"Mwanangu," alisema, "ng'ombe aliyepotea hurudi kwa njia ileile aliyokwenda. Wewe ulitaka arudi kwa njia gani?"

Picha za sauti zilipokuja, Mkalimani alikosa kazi. Hakuzipenda. Alisema zinaongea sana na hakuna zinachosema. Akawa mnadi sokoni Nyasubi, akiuza mbuzi kwa sauti ya kijana na mafahali kwa kibuyu. Lakini jambo moja lilimganda. Kila alipotoka nyumbani alitoka kinyumenyume, uso kwa mkewe, mpaka kwenye kona ya msikiti ndipo akageuka. Aligonga wapita njia, aliangusha beseni za maandazi, mara moja alimkanyaga imamu. Alipogombezwa alisema kwamba mtu akiondoka kwa mgongo, anayebaki anamwona anakuja. Alimgombeza mkewe kwa mambo mengi, chumvi, mkaa, kuchelewa. Lakini neno "nenda" hakulitumia. Akimtuma sokoni alisema, "Rudi na nyanya."

Nilihamia Shinyanga mjini, tukapotezana. Nilipata habari kwamba Milembe amefariki nikiwa nimechelewa mazishi. Nikapanda basi la Kahama siku ya tatu. Nilimkuta Mkalimani mzee sana, meno mawili, kibuyu kiko ukutani. Hakulia. Aliniuliza kama basi lilikuwa na vumbi, kisha akanishika mkono tukaenda makaburini, mimi na yeye.

"Siku ya mwisho alichoka," aliniambia pale, ametazama udongo. "Akaniambia, 'Mume wangu, niambie lile neno lako la juu ya jiwe, nikapumzike.' Nikajaribu, Fundi. Wallahi nilijaribu. Nilijibana koo. Halikutoka."

"Ukafanyaje?"

"Nikachukua kibuyu nikapuliza. Ng'ombe wa jirani wakaitikia. Akacheka. Unakijua kicheko chake. Mara moja tu, halafu basi."

Mimi ndiye niliyelia, mzee mzima, nikajifuta kwa tepu ya kupimia iliyokuwa shingoni. Tulisoma Fatiha. Jua lilikuwa limepanda na nikamwambia turudi nyumbani. Akakubali, akanipa kiwiko nikishike, akaanza kurudi nyuma polepole, uso umelielekea kaburi.

"Niangalizie visiki," alisema.

Tukaenda hivyo, mimi natazama njia, yeye anatazama alikotoka. Penye lango la makaburi nilisimama nikamwambia kwamba sasa anaweza kugeuka, kwamba picha imekwisha. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa mbele ya wakwe. Kisha akainua fimbo yake juu, juu ya kichwa changu, kama siku zile.

"Mungu akipenda," alisema, na akarudi nyuma hatua nyingine.